Sabuni na maji, sanitaiza au glavu: wodini utumie ipi na wakati gani

Wifi yangu alinipigia usiku, mwanae kalazwa, hata salamu haikuwa ndefu, akauliza moja kwa moja: "Wifi, nibebe sabuni au sanitaiza?" Nikamwambia beba vyote viwili, alafu kaa chini nikueleze kila kimoja na kazi yake, maana usipojua kipi cha wakati gani unaweza ukasugua mikono siku nzima na bado ukampelekea mtoto vijidudu. Tuliongea karibu nusu saa na nilipokata simu nikaona kuna vitu vingi sijasema, ndo nikaamua niandike vizuri, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye mgonjwa wodini, na nyie wanafunzi wa uuguzi pia maana kila mkija mafunzo kwa vitendo hili swali mnaniuliza. Mimi ni nesi, hii ndo kazi yangu ya kila siku.

Na sio swali dogo jamani. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye ripoti yao ya 2022 wanasema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 kwenye nchi tajiri na 15 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati watapata angalau ambukizo moja wakiwa hapohapo hospitali, yaani kitu ambacho hawakuja nacho, na katika kila 10 wanaopata, kwa wastani mmoja anafariki kwa sababu hiyo. Kidonda cha upasuaji kinatunga usaha, mpira wa mkojo unaleta homa, dripu inapitisha bakteria mpaka kwenye damu. Na njia kubwa ya vijidudu kutoka kitanda kimoja kwenda kingine ni mikono yetu sisi tunaowahudumia, na nikisema sisi namaanisha na mama, baba, shangazi na rafiki aliekuja kuona mgonjwa dakika tano tu.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Kwa kazi nyingi za wodini sanitaiza yenye alkoholi inaishinda sabuni. Sabuni na maji ina nyakati zake chache ambazo ni lazima, na hapo sanitaiza hata uimwage lita nzima haikusaidii. Glavu sio mbadala wa hizo mbili, ni kitu kingine kabisa, nitaielezea maana ndo inayotudanganya wengi.

Najua wengi hapo kwenye sanitaiza mmeshtuka. Tumelelewa tukiambiwa mikono safi ni mikono iliyopita kwenye maji na sabuni, na hicho kimiminika cha kupaka ni cha dharura tu ukikosa maji. Nyumbani na mashambani, mikono ikiwa na mafuta na udongo, ni kweli kabisa. Wodini hali ni tofauti, mikono ya nesi mara nyingi inaonekana safi kwa macho ila imebeba bakteria ilizozichukua kwa mgonjwa aliepita, na hizo ndo alkoholi inaziua vizuri na haraka kuliko sabuni ya kawaida inavyoziondoa.

Kuna historia hapa ambayo huwa nawaambia wanafunzi, sio kwa ajili ya mtihani. Mwaka 1847 kule Vienna, Austria, daktari Ignaz Semmelweis alikuwa anahangaika na akina mama waliokuwa wanakufa kwa homa ya uzazi. Hospitali ilikuwa na kliniki mbili za kujifungulia, moja ya madaktari na wanafunzi wa udaktari, nyingine ya wakunga. Kwa wakunga walikuwa wanafariki kama 4 katika 100, kwa madaktari karibu 10 katika 100, na mwezi Aprili mwaka huo ilifika 18. Tofauti ilikuwa madaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima akina mama. Sasa sehemu ambayo watu wanairuka ni hii: hao madaktari walikuwa wananawa kwa sabuni! Semmelweis aliona wakishanawa bado mikono inanuka maiti, kwahiyo akajua sabuni inaacha kitu, ndo akawalazimisha wasuuze kwa maji yenye chokaa ya klorini, na ndani ya miezi michache vifo vikashuka mpaka kama 2 katika 100. Kwahiyo hata miaka hiyo swali lilikuwa hilihili la wifi yangu, tutumie kipi.

Tuingie kwenye kulinganisha sasa, na naanza na muda maana wodini muda ndo unaoamua kila kitu. Kunawa kwa sabuni na maji kikamilifu, kuanzia kulowesha mpaka kukausha, ni sekunde 40 mpaka 60. Kutakasa kwa sanitaiza ni sekunde 20 mpaka 30. Unaweza ukaona tofauti ndogo ila piga hesabu: nesi akihitaji kusafisha mikono mara 60 kwenye zamu moja, kwa sabuni inaweza kwenda mpaka saa nzima, na hapo sijaweka kutembea mpaka kwenye sinki na kurudi, kusubiri mwenzako amalize, kukuta tishu zimeisha. Kwa sanitaiza haizidi nusu saa na chupa iko hapo kitandani au mfukoni, unapaka huku unamsalimia mgonjwa. Mtu mwenye wagonjwa ishirini na mmoja wao anatapika hatakwenda sinki mara 60, hata awe na moyo mzuri kiasi gani, na njia nzuri ambayo haifanyiki haimlindi mtu.

Hili lilijaribiwa kweli kule Geneva, Uswisi. Profesa Didier Pittet na wenzake kwenye hospitali ya chuo kikuu waliweka chupa za alkoholi karibu na vitanda, wakabandika mabango, wakawa wanawaangalia wafanyakazi na kuwapa majibu yao. Usafi wa mikono, yaani mara ngapi walisafisha kweli pale walipotakiwa, ulipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 mpaka 66 mwaka 1997, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitali wakashuka kutoka asilimia 16.9 mpaka 9.9 ilipofika 1998. Na kilichopanda zaidi ni kutumia alkoholi, kunawa kwa sabuni kulibaki palepale. WHO nao kwenye mwongozo wao wa 2009 wakaweka sanitaiza iwe chaguo la kwanza kama mikono haina uchafu unaoonekana.

Ila sio kila chupa iliyoandikwa sanitaiza ni sanitaiza. Angalia asilimia ya alkoholi, chini ya 60 achana nayo. WHO wana mapishi yao mawili, moja ethanoli asilimia 80, jingine alkoholi ya isopropili asilimia 75, na ndani kuna gliserini kidogo ya kulinda ngozi. Kuna mtu atasema basi ya asilimia 100 si ndo kali zaidi, hapana, alkoholi inaua kwa kuharibu protini za kijidudu na inahitaji maji kidogo ili iifanye hiyo kazi, ikiwa kavu kabisa inakuwa dhaifu. Na kuna za kughushi zenye methanoli, hiyo ni sumu, mwaka 2020 watu walipofuka na wengine kufariki kwa kuzinywa, kwahiyo chupa isiyo na lebo inayoeleweka usimletee mgonjwa. Alafu ziweke mbali na moto na mbali na mikono ya watoto.

Sasa upande wa sabuni na maji, hapa hakuna mjadala. Mkono ukiwa na damu, kinyesi, matapishi, usaha au uchafu wowote unaouona, nenda sinki. Alkoholi haipenyi vizuri kwenye uchafu, unakuwa unapaka juu tu na chini yake vijidudu viko salama. Ukitoka chooni, nenda sinki. Kabla ya kumlisha mgonjwa ukiwa umetoka kushikashika vitu vyenye uchafu, nenda sinki.

Na mgonjwa anaeharisha, hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo sanitaiza inapofeli na watu hawajui. Kuna bakteria anaitwa Clostridioides difficile, anapenda sana wagonjwa waliotumia antibiotiki kwa muda, anasababisha kuharisha kubaya. Huyu anapokuwa nje ya mwili anajifungia kwenye ganda gumu, tunaliita spora, na ndani ya hilo ganda alkoholi haimfanyi chochote. Kiasi kwamba maabara wakitaka kumpata kwenye kinyesi, njia mojawapo ni kukiloweka kwenye alkoholi ili bakteria wengine wafe abaki yeye peke yake! Sasa fikiria umembadilisha nepi mgonjwa wa namna hiyo, unapaka sanitaiza unaondoka unajiona msafi. Sabuni nayo haimuui huyu, tuwe wakweli, ila kusugua na maji yanayotiririka yanamng'oa kwenye ngozi na kumpeleka kwenye bomba la maji machafu, na ndo maana hapo kusugua ni muhimu kuliko aina ya sabuni. Norovirusi, wale wa kutapika na kuharisha wanaosambaa wodi nzima ndani ya siku mbili tatu, nao wanaivumilia alkoholi kuliko virusi wengi. Kwahiyo sheria yangu ni nyepesi, palipo na kuharisha tumia sabuni na maji, na glavu kwanza kabla hujashika.

Nimeitaja glavu, sasa niimalize. Glavu kazi yake kubwa ni kukulinda wewe dhidi ya majimaji ya mgonjwa. Unaivaa ukijua utagusa damu, kinyesi, mkojo, matapishi, mdomo wa ndani au ngozi iliyochanika. Kupima presha, kumlisha, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kumshika mkono akiwa analia, hayo yote hayahitaji glavu (isipokuwa kama kuna sheria maalum kwa yule mgonjwa). Shida ni kwamba mtu akishavaa anajisikia salama na anasahau, namuona mtu na glavu zilezile anatoka kitanda cha kwanza, anashika kitasa, anajibu simu, anafungua faili, anaenda kitanda cha pili kurekebisha dripu, na hapo hizo glavu zimebeba vijidudu kama mkono mtupu tu, tofauti ni kwamba mwenye mkono mtupu angekumbuka kupaka sanitaiza. Nimewahi kuifanya hii kosa mwenyewe nikiwa mgeni kazini, dada mmoja mzee wa wodi akanishika kiwiko akaniambia taratibu, "mdogo wangu, hizo glavu umezivaa kwa ajili ya nani?" Sijaisahau.

Kwahiyo jozi moja mgonjwa mmoja, hata kwa mgonjwa huyohuyo ukitoka sehemu chafu kwenda safi unabadilisha. Usipake sanitaiza juu ya glavu wala kuzifua. Na ukizivua safisha mikono, kila mara, maana zinaweza kuwa na matundu ambayo jicho halioni na hata wakati wa kuvua unajipaka. Mkono uliofungiwa kwenye glavu unatoka jasho, na jasho na joto bakteria wanavipenda.

Sabuni ya kawaida au ile iliyoandikwa inaua bakteria? Kwa ndugu wa mgonjwa, chukua ya kawaida usipoteze hela. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, walipiga marufuku viambato 19 kwenye sabuni hizo za kunawia za nyumbani, ikiwemo triklosani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba ni salama kuzitumia muda mrefu na zinafanya kazi kuliko sabuni ya kawaida na maji. Chumba cha upasuaji ni habari nyingine, wao wana dawa zao kama klorheksidini na utaratibu wao wa dakika kadhaa, sitaingia huko.

Ya kipande au ya maji? Zote zinafanya kazi. Kipande kiwe kidogo na kikae kwenye kitu chenye matundu kikauke, kisiogelee kwenye maji. Ya maji ina mtego wake ambao wengi hawaujui: chombo kikiisha watu wanaongezea juu, na bakteria wanaopenda majimaji kama Pseudomonas na Serratia wanaota humohumo ndani ya chombo cha sabuni, kisha unanawia bakteria. Kiishe, kioshwe, kikauke, ndo ujaze.

Maji ya moto au ya baridi, haijalishi, chukua yaliyopo, ya moto yanakupasua ngozi tu. Cha lazima ni yatiririke. Hakuna bomba? Ndoo yenye koki inafanya kazi hiyohiyo vizuri kabisa. Beseni moja ambalo kila mtu anachovya mikono hapana, hapo mnagawana alichokuja nacho wa kwanza.

Kukausha watu wanakudharau kumbe mkono wenye maji unabeba na kuachia vijidudu kirahisi kuliko mkavu. Wodini tishu za karatasi za kutumia mara moja ndo bora, na hiyohiyo tishu ufungie koki. Mashine ya upepo ina kelele, ina foleni, mtu anaondoka na mikono nusu mbichi, siipendi wodini. Taulo moja linaloning'inia pembeni ya sinki na kila mtu anajifutia, bora ukaushe kwa kuikung'uta hewani kuliko hilo.

Maji ya klorini nayo naulizwa sana, kwa sababu watu waliyaona wakati wa Ebola. Yanafaa kama huna sanitaiza wala sabuni, ila makali yake ni asilimia 0.05 kwa mikono. Ile ya asilimia 0.5 ni ya kusafishia vyombo, sakafu na kumwagika kwa damu, ni kali mara kumi, ukiitumia kwenye ngozi unaweza kupata vidonda, na ngozi yenye vidonda inakaliwa na bakteria wengi zaidi. Usikisie kwa kunusa, kama hujui imechanganywaje usiiguse.

Ngozi yenyewe pia ni sababu ya kuchagua. Wengi wanasema sanitaiza inachoma, kinachochoma mara nyingi ni ngozi ambayo tayari imepasuka kwa sabuni, maana sabuni ndo inayoondoa mafuta ya ngozi kuliko sanitaiza yenye gliserini. Usifanye vyote kwa mfululizo, ukishanawa vizuri huhitaji kupaka tena hapohapo. Ukimaliza zamu paka mafuta au losheni.

Na chochote utakachochagua, kama hujui kukipaka ni bure. Sanitaiza jaza kiganja, sio tone moja, ienee mpaka ikauke yenyewe bila kufuta. Sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila siku: vidole gumba, ncha za vidole, katikati ya vidole na mgongo wa mkono. Shika kidole gumba ukizungushe ndani ya kiganja kingine, ncha za vidole zisugue kwenye kiganja. Hizo ncha ndo zinazoshika kanula (kile kimrija cha dripu kinachoingia kwenye mshipa) na kidonda, inaniuma sana kuona mtu anasugua viganja tu kama anaeota moto alafu anaenda kufunga kidonda. Kucha fupi zisizidi nusu sentimita, za bandia ziache, na pete vua maana chini yake hapafikiwi.

Wakati gani sasa? Sisi wafanyakazi tuna nyakati 5 za WHO: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi kama kuweka kanula au kufunga kidonda, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Hiyo ya mwisho ndo tunaisahau, reli ya kitanda, meza, stendi ya dripu, kuna bakteria kama Acinetobacter anakaa kwenye vitu vikavu siku nyingi tu bado yuko hai. Kwa wifi yangu niliifupisha hivi: ukiingia paka, ukitaka kumgusa mtoto baada ya kushika simu au pochi paka, ukitoka paka, na ukimbadilisha nepi au kushika matapishi nenda sinki. Usiguse kanula yake, na usiende kumbembeleza mtoto wa kitanda cha pili kabla hujapaka, najua roho inauma akilia ila paka kwanza.

Akaniuliza je nesi akija bila kusafisha mikono nimwambie? Nikamwambia mwambie, kwa heshima, "samahani nesi, umeshatakasa mikono?" na chupa umpe. Mimi ndugu wa mgonjwa akiniambia hivyo namshukuru, kuna siku nimekimbizana na vitu kumi na nimesahau kweli.

Siku ya tatu akanipigia tena asubuhi. Chupa kaifunga kwenye reli ya kitanda upande ambao mtoto hafikii, daktari wa raundi nae kaitumia. Ila mtoto wa kitanda cha jirani ameanza kuharisha usiku na choo wanatumia kimoja, je aendelee na sanitaiza tu? Nikamwambia hapana wifi, kuanzia sasa hivi sabuni na maji kila ukitoka chooni na kila kabla ya kumlisha, chupa ibaki kwa ajili ya kumgusa gusa tu, na ukikata simu nenda kamwambie nesi wa zamu kuhusu huko kuharisha, usisubiri raundi ya kesho.